Ya Themanini na Tatu Haisimami Ikilowa

Akoth mwanangu,

Saa hizi uko Asembo kwa Dani, nyanya yako, umekwenda kumuaga, na mimi nimekaa mezani na kalamu. Kesho asubuhi Bi. Njeri atafika kutoka Nakuru na pikapu yake kukuchukua wewe na pikipiki moja, uanze kazi kwake. Ni moja tu, kwa sababu nyuma ya pikapu hakuna nafasi ya mbili, na hiyo ndiyo sababu nyumba hii imekuwa moto wiki nzima.

Sitakuandikia habari za nguo, wala za kula vizuri, wala za kupiga simu. Hayo baba yako amekuambia mpaka umeziba masikio. Nataka kukueleza lile neno nililokutupia jikoni. Ulisema unachukua ile pikipiki ya mwaka wa themanini na tatu. Nikakujibu bila hata kugeuka, mwiko ukiwa mkononi, "Ichukue. Lakini wakikurudisha kwa machela, wasikulete kwangu." Uliweka kikombe chini polepole, ukatoka. Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji waliogawana choo.

Neno kama hilo haliondoki kwa samahani ya mlangoni. Nimejaribu mara kadhaa kukuita tuzungumze, na kila mara nilipofungua mdomo nilisikia ugomvi mwingine ukija. Kwa hiyo naandika. Ukiwa Nakuru utaisoma bila kuniona uso wangu, labda itakuwa rahisi kwetu sote.

Wewe unazijua pikipiki hizi kuliko ninavyozijua, unazifungua na kuzifunga kama mtu anayemenya viazi. Lakini niache nizieleze jinsi zilivyoingia katika maisha yangu.

Nilipoolewa kutoka Vihiga nikaletwa hapa Kaloleni, Kisumu, Kiluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu na baba yako hakujua hata neno moja la Kiluhya, ndiyo maana wewe umelelewa kwa Kiswahili. Nyuma ya nyumba nilikuta stoo ya mabati, na ndani yake pikipiki mbili nyekundu. Zilikuwa za mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vipuri mjini. Wanawe walishindana nazo motokrosi, na familia ilipohamia ng'ambo wakamwachia fundi wao, yaani Odhiambo, baba yako. Mimi nilidhani ni pacha. Tangi jekundu, tairi zenye meno, hazina taa, hazina kioo, hazina mahali pa abiria kukanyaga.

"Kwa nini uweke mbili zinazofanana?" nilimuuliza.

Alicheka. "Zinafanana? Chuchumaa hapa, utazame gurudumu la mbele."

Nikachuchumaa na mimba yako tumboni. Moja ilikuwa na kibuyu cha chuma katikati ya gurudumu, breki imejificha ndani yake. Nyingine ilikuwa na sahani nyembamba ya chuma, breki inaibana kwa nje, unaiona kwa macho. Ya kwanza ni ya themanini na tatu, ya pili ni ya themanini na nne.

"Hiyo tu?"

"Hiyo, na mashine," akasema. Kisha akaziwasha, kwanza moja, halafu nyingine, na kuniambia nifumbe macho nisikilize. Ya themanini na tatu ilipanda sauti safi, bila kusitasita, ukiongeza mafuta inaitika palepale. Ya themanini na nne kiwandani walikuwa wameiongezea kijumba kidogo kwenye ekzosi ili iwe na nguvu hata ikienda polepole, lakini kijumba kile kikijaa masizi, mashine inakohoa na kugoma katikati. Baba yako alikuwa akisema kwamba mtu akichukua mashine ya ile ya kwanza na breki ya ile ya pili, hana haja ya pikipiki nyingine mpaka afe. Majirani walimuona ana wazimu, mtu mzima anagombana na mwaka mmoja wa tofauti. Mimi nilizoea. Wanawake wengine waume zao waliwasumbua kwa mpira.

Jumapili za kiangazi alishindana kule uwanjani Kisian juu ya ya themanini na tatu. Mvua ikinyesha aliiacha nyumbani. "Hii haisimami ikilowa," alisema. Maji yakiingia ndani ya kile kibuyu, breki inakuwa kama imepakwa sabuni. Siku za matope alipanda ya themanini na nne, hakuna aliyeweza kumbadilisha mawazo. Na mimi aliponifundisha kuendesha, baada ya wewe kuzaliwa, alinifundishia hiyohiyo ya themanini na nne. Niliendesha uwanjani tu, nikizunguka, na wewe ukipiga makofi mapajani mwa baba yako.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Hadithi unayoijua ni fupi: uliugua ukiwa Asembo, baba akaanguka njiani, Mungu akasaidia. Tulikuambia hivyo ulipokuwa mdogo na hatukurudi kuijaza.

Ulikuwa hujaanza hata nasari. Nilikuwa nimekupeleka kwa Dani kwa siku chache, na mvua za masika zikanikuta nimerudi mjini bila wewe. Zilinyesha mpaka ukuta wa jikoni ukaota kijani. Siku ile baada ya chakula cha mchana simu ililia, ilikuwa Sista Auma, muuguzi wa zahanati ya kule.

"Mama Akoth, mtoto ameshikwa na degedege. Nimemtuliza kwa sindano, lakini ni malaria kali, na damu imepungua sana. Lazima afike Maseno leo."

"Si mumlete?"

"Kwa kitu gani? Kwa mgongo? Kalavati ya barabara kubwa imebebwa na maji. Ambulensi imegeuza. Watu wa boda wamejaribu ile njia ya udongo ya kupandia Maseno, wamerudi wakisukuma. Mama, mimi sikutishi. Nakuambia ukweli ili usipoteze wakati."

Nilipotoka nje baba yako alikuwa amesikia yote. Alikuwa stoo tayari, anatoa pikipiki. Zile ni pikipiki za kupanda matope, zina kifua cha juu na tairi za kuchimba. Kama kulikuwa na kitu Kisumu nzima cha kupita njia ile, kilikuwa ndani ya stoo yetu. Alisema twende wawili, ili moja ikigoma nyingine isonge mbele.

Alinisukumia ya themanini na nne.

"Hii ni yako ya mvua," nikasema.

"Ipande."

"Na wewe?"

"Napanda hii nyingine. Panda, Mama Akoth, tunachelewa."

"Odhiambo, wewe mwenyewe umesema haisimami ikilowa!"

Alikuwa ameshaikanyaga kiki, ikanguruma, na akanipigia kelele juu ya ile sauti, "Mimi najua kuanguka! Wewe hujui!"

Hivyo ndivyo tulivyoondoka. Hatukuwa na taa, kwa hiyo tulikuwa tukishindana na jua, na jua lenyewe lilikuwa nyuma ya mawingu mazito. Hadi Maseno ni lami. Tukapanda Maseno mvua ikitupiga usoni, mimi nimevaa sweta la kanisani na koti la baba yako la plastiki, mikono imekufa ganzi kwenye usukani. Pale Maseno tukaiacha lami tukashika njia ya udongo ya kuteremkia upande wa ziwa. Wewe umeipita ikiwa kavu. Siku ile ilikuwa mto mwekundu.

Baba yako alitangulia, kisha akanipisha. "Kaa mbele nikuone," akasema. Nikakaa mbele. Nilienda kwa kasi ambayo sikuwahi kuijaribu uwanjani, kwa sababu sikuwa nafikiria pikipiki. Nilikuwa nafikiria shingo yako jinsi inavyolala ukilala.

Tukafika mahali kijito kilikuwa kimepanda juu ya njia. Nilisimama, nikapima kwa macho, nikaingia. Maji yalifika katikati ya magurudumu, yalivuta, lakini nikatoka upande wa pili. Baada ya kile kijito kuna kipande kifupi cha tambarare, halafu njia inaanguka ghafla na kukata kona, upande mmoja ukingo, upande mwingine korongo la mawe. Nikabana breki ya mbele. Sahani ile ikashika, ikanipunguza, nikakata kona, nikaendelea. Sikutazama nyuma.

Kwanza nilisikia mashine yake ikilia nyuma yangu, ile sauti safi. Kisha ikapanda ghafla, juu sana, kama gurudumu halikanyagi kitu. Kisha kimya.

Mwanangu, kuna ukimya ambao mtu anausikia mgongoni. Nilisimama, nikaiegemeza pikipiki kwenye ukingo, nikapanda ule mteremko kwa mikono na magoti. Alikuwa chini ya kona kati ya mawe. Pikipiki ilikuwa imemlalia, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Niliivuta sijui kwa nguvu gani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

"Umesimama kufanya nini?" akaniuliza.

"Odhiambo, mguu wako..."

"Mguu wangu naujua. Mtoto yuko wapi?"

"Siwezi kukuacha hapa kwenye mvua."

"Mtoto yuko wapi, nimekuuliza!" Uso wake ulikuwa wa majivu, meno yanagongana. Nikaanza kulia, naye akanishika kola ya lile koti akanivuta mpaka nikahisi pumzi yake. "Dhi!" akasema. "Nenda! Ukikaa hapa tutakuwa na maiti ya mtoto na mguu uliovunjika. Ukienda tutakuwa na mguu uliovunjika tu. Dhi!"

Mwanamume mmoja aliyejifunika gunia alikuwa akishuka kutoka shambani na jembe begani. Alituona, akatupa jembe, akaruka korongoni. "Mama, nenda," akasema, kabla hata ya kujua ninakwenda wapi. "Huyu ni wetu sasa. Nitaita watu."

Nikaenda. Nakuandikia hivi kwa ufupi, lakini kutoka pale chini mpaka kwenye pikipiki ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea, na ilikuwa hatua chache tu.

Asembo nilimkuta Dani yako mlangoni mwa zahanati, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Ndani ulikuwa umelala, midomo imepauka kabisa. Sista Auma alinitazama nilivyotapakaa matope, akatazama nje kwenye pikipiki, akasema, "Hii haina mahali pa kukanyaga."

"Haina."

"Haidhuru." Alivua viatu, akakufunga kifuani mwake kwa leso mbili, akafunga fundo, akalivuta kujaribu. Alikuwa msichana tu, labda umri wako wa sasa. Sikumuomba. Alikaa nyuma yangu, miguu ikining'inia, wewe katikati yetu, na nikakuhisi mgongoni, mtoto mdogo anayechoma kama sufuria.

Njiani degedege lilirudi. Nilihisi ukikaza mwili, mgongo wangu wote ulijua. Nikaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame!" Sista Auma akapiga kelele sikioni mwangu. "Nimemshika kichwa. Wewe endesha. Ukisimama kwenye mlima huu hatutaondoka tena."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumefika chini ya ule mteremko, sasa tunaupanda, na udongo ulikuwa kama mafuta. Pikipiki zile zinataka mwendo, ukikata mwendo kwenye utelezi tairi linajichimbia kaburi. Mashine ikaanza kukohoa. Masizi. Nikashusha giya, nikaiachia mafuta, nikaiomba kwa jina la kila mtakatifu ninayemjua, ikapokea.

Hapo ndipo nikawaona. Wanaume wanne walikuwa wamembeba baba yako juu ya kitanda cha kamba, wamemfunika karatasi ya nailoni, wanapanda polepole kandokando ya njia. Yule wa gunia alikuwa mbele. Nilikuwa na nafasi ndogo tu ya kupita. Baba yako aligeuza kichwa. Aliniona, akaona kuna mtu nyuma yangu, akaona leso. Nilitaka kusimama, Akoth. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusimama, nimuulize tu kama yu mzima. Akatoa mkono chini ya ile nailoni, akaupunga mbele, mbele, kama mtu anayefukuza kuku.

Nikapita, nikamrushia matope kitandani.

Tuliingia hospitalini Maseno wakati wanawasha taa za veranda. Walikuchukua mikononi mwa Sista Auma wakakimbia nawe, naye akabaki amesimama peku, mikono bado imezunguka hewa. Walikuwa na damu ya kukuongezea. Baada ya muda alitoka daktari akasema umelala, usingizi wa kawaida. Ndipo nilipokaa sakafuni. Baba yako aliletwa baadaye, juu ya trela la trekta. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Breki ilishika?" Nikamwambia ilishika. Akasema, "Nilikuambia," kisha akazimia.

Asubuhi yake Sista Auma alirudi Asembo kwa miguu, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wengine wanaomngoja. Ninapokuambia usipite zahanati ile bila kusalimu, ndiyo sababu.

Unajua yaliyofuata. Mguu uliunganishwa lakini ukabaki mfupi, na baba yako hakushindana tena. Lakini kuna kitu kingine kilichovunjika siku ile ambacho hakikufungwa plasta. Mimi niliamua kwamba kosa ni la ile ya themanini na tatu. Ilikuwa rahisi kuchukia chuma. Niliifunika magunia, nikaweka mbele yake mapipa na mbao, nikaweka kufuli stoo, nikamkataza baba yako kuitaja. Nilipokuwa nikiota, niliota kile kibuyu cha gurudumu kinazunguka. Nikaanza kukulea kama mtu anayebeba trei ya mayai sokoni. Usikimbie. Usipande mti. Usivuke. Ukaacha kuniambia mambo. Hilo nililiona, nikadhani ni utulivu.

Kisha Mama Beryl wa nyumba ya pili akanikuta kwenye mfereji. "Wewe, mtoto wako anaruka kama baba yake kule Kisian! Watu wanapiga makofi!" Ndoo yangu ikaendelea kujaa mpaka ikamwagika. Ulikuwa unaingia kidato cha tatu. Baba yako alikuwa amekufundisha akiwa amekaa juu ya debe, fimbo mkononi, na ufunguo wa stoo mlikuwa mmetengeneza wa kwenu. Sikuongea naye wiki kadhaa. Wewe nilikuchapa, na ulikuwa umeshanipita urefu. Ulisimama tu ukanipokea, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilipoona siwezi kukuzuia, nikajadiliana: panda ya themanini na nne tu. Ukakubali kwa heshima. Mpaka Bi. Njeri alipokuja kukuona Kisian, akakupa kazi katika karakana yake ya kufufua pikipiki za zamani, na nafasi ya kumshindania. Ukanieleza vizuri, sikukusikiliza. Mashindano yake ni ya pikipiki zenye breki ya kibuyu, na ya themanini na nne kwa ile sahani yake inawekwa kundi moja na pikipiki za miaka ya baadaye zenye nguvu zaidi, itamezwa. Ukasema pia kwamba ya themanini na tatu inaenda unakotaka kabla hujamaliza kutaka. Mimi nikasikia jambo moja tu, kona ile.

Sasa nikuambie nilichofanya leo.

Ulipoondoka asubuhi nilimkuta baba yako stoo ameketi mbele yake, amefungua gurudumu la mbele, anasafisha. Nikamwambia nataka kuona ndani. Akanionyesha, vipande viwili vilivyopinda, vinavyosukumana kwenda nje kusugua ukuta wa kibuyu. Ni kitu kidogo tu. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza miaka yote hii.

"Siku ile, ulijua imelowa?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Alipangusa mikono kwanza. "Breki hii ikilowa, unaigusa kidogo kidogo unapoendelea, inapata joto, inajikausha, inarudi. Ni mwendo mfupi tu. Pale tambarare pangenitosha." Akanitazama. "Lakini wewe ulikuwa mbele unaenda mbio, giza linakuja, mtoto anakufa. Nikaona nikipunguza nitakupoteza. Nikasema nitakausha mbele ya safari."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Acha hayo. Ungegeuka kunitazama, ungeingia korongoni wewe. Hakuna aliyekosa. Tulikuwa na haraka, basi."

Nikamwambia anifungie lile gurudumu. Akanitazama kama amesikia vibaya. Tukaisukuma pamoja mpaka kule nyuma ambako mvua ya juzi imeacha dimbwi. Sijapanda pikipiki tangu siku ile, Akoth, na miguu yangu si ya zamani. Majirani walitoka milangoni. Niliikanyaga kiki mpaka nyonga ikaniuma, ikawaka, na ile sauti safi ikanipanda mwilini. Nikaingia dimbwini. Nikatoka. Nikabana breki ya mbele, na kweli, hakuna kitu. Mkono ulikaza mpaka mwisho na pikipiki ikaendelea kwenda. Ukuta wa Mama Beryl ulikuwa mbele yangu. Nikakanyaga ya nyuma, nikayumba, nikageuza, sikuanguka.

Baba yako hakupiga kelele. Alisimama na mkongojo wake akasema tu, "Rudia. Safari hii iguse mapema."

Nikarudia. Nilipotoka majini nikawa naigusa kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa pasi kujua kama imepata moto, na kabla ya ukuta nikahisi kitu kinarudi mkononi. Kwanza kidogo. Kisha zaidi. Nikasimama, mguu mmoja chini, mbali na ukuta. Nilikaa pale juu nikalia mbele ya watu wote wa Kaloleni, na Mama Beryl akaja kuniuliza kama nimeumia.

Sikuumia. Nilikuwa nimegundua kwamba kitu nilichokiogopa karibu maisha yako yote kina tabia yake, na mtu anaweza kuijua. Wewe umeijua zamani. Uliniambia jikoni, kabla sijakutupia lile neno, "Mama, mimi naikausha kila wakati," nami nikadhani ni ujeuri.

Kwa hiyo chukua ya themanini na tatu. Si kwamba nakuruhusu, wewe ni mtu mzima na pikipiki ni ya baba yako. Nakuambia tu kwamba sitakuwa nikikuvuta kwa nyuma. Utakutana na watu huko watakaokuharakisha, wengine kwa ubaya, wengine kwa mapenzi, na wa mapenzi ndio wagumu kuwakatalia. Hata mimi nikikupigia simu siku moja nikilia kwamba uje mbio, kausha breki yako kwanza. Nitakungoja.

Na lile neno la machela nalirudisha. Ukirudi mzima, ukirudi umeshindwa, ukirudi umebebwa, mlango ni huu na mimi ndiye nitakayekupokea.

Kuna jambo moja hulijui. Nilikuja Kisian kukuona mara moja, mwaka jana. Nilijificha nyuma ya gari la soda, na sikuweza kutazama njia. Nilitazama watu. Midomo yao ilipofunguka nilijua uko hewani, ilipofungika nilijua umetua. Hivyo ndivyo nilivyoona mashindano yako yote, kwenye nyuso za wageni.

Nakuru nitakuja. Nitasimama mbele kabisa, kwenye kamba, pale mnaporukia, na nitakutazama wewe mwenyewe mpaka magurudumu yaguse chini.

Mama yako